Kengele ya Karani: Jinsi Nilivyompeleka Dachesi Njoro

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kanisani hata sala ya kufunga haijaisha, na juzi Mama Nafula alinisimamisha nikiwa na gunia la pumba kichwani akaniuliza tena: Barasa, safari ya Moiben hadi Njoro, ambayo lori huimaliza kwa siku moja na nusu, ilikuchukuaje siku nne? Na mbuzi yuko wapi? Na shingo hiyo imefanya nini? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeazima kalamu ya mwalimu, nitaandika mara moja tu, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome. Asiyejua kusoma asomewe.

Mambo ya vibali na barua sitayagusa. Yalikuwa mengi, na nusu ya barua moja ililiwa na Karani kabla hatujatoka langoni.

Wengine wenu mmekuja shambani juzi tu, kwa hiyo niwaeleze. Karani ni mbuzi. Tulimwita hivyo kwa sababu ya ndevu zake na kwa sababu alipenda karatasi kuliko majani. Alikuwa anakaa banda moja na Dachesi, farasi jike mwekundu mwenye alama nyeupe usoni, wa Bwana Mapema, mzungu mwenye shamba. Farasi ni mnyama mkubwa mwenye moyo mdogo. Ukimweka peke yake hali, halali, anapiga mbao mateke mpaka kwato zipasuke. Ndiyo maana sisi masaisi, watunza farasi, tukampa Dachesi mbuzi tangu alipoachishwa kunyonya, na mbuzi akavishwa kengele shingoni, ili farasi ajue mwenzake yupo hata gizani.

Mimi ndiye niliyempokea Dachesi siku aliyozaliwa, miguu yake ikitetemeka juu ya nyasi kavu. Nimemlisha miaka saba. Kila alfajiri akisikia kopo la kipande changu, cheti cha kazi ninachovaa shingoni, likigonga vifungo vya koti, anajua ni mimi na uji wa pumba unakuja, na analia kabla sijafungua mlango. Wake zenu hawawapokei hivyo.

Sasa Bwana Mapema anauza shamba aende kwao kusini, na mnunuzi ni mtu wa kondoo. Farasi wawili wazee Bwana aliwapiga risasi mwenyewe nyuma ya banda, na mimi nilimwona akilia, machozi yanaingia kwenye ndevu. Dachesi alipata bahati: memsahib mmoja wa Njoro alisema atamchukua, ikiwa daktari wa mifugo atamtazama Jumamosi na kumwona mzima. Jumanne jioni Bwana akaniita.

"Barasa, wewe kwenda na hii farasi. Jumamosi daktari natazama yeye. Kama yeye nagonjwa, kama wewe nachelewa, memsahib hapana taka. Kama hapana taka, wewe hapana rudisha yeye hapa. Sema memsahib piga yeye bunduki huko huko."

Halafu akageuka haraka akaenda ndani. Hilo ndilo jambo nililobeba kifuani siku zote nne, na mtu akiniambia "pole pole, Barasa, haraka haina baraka," nilitamani kumtupa mtoni.

Moiben hadi Sisibo

Dereva alikuwa Kiplagat. Alirudi kutoka vitani mwaka jana. Alikuwa Burma, na hilo mtalijua hata kama hamtaki kulijua, kwa maana hakuna jambo duniani ambalo halikutokea kwanza Burma. Tulikubaliana tuondoke alfajiri Jumatano. Alfajiri ilipofika Kiplagat alikuwa anaosha lori. Nikamwambia, tunaingia kwenye matope, unaosha nini? Akasema, Burma afande alikuwa anakagua magari kila asubuhi. Nikamwambia hapa afande ni mimi. Akaendelea kuosha.

Trela letu lilikuwa sanduku la mbao lililopachikwa juu ya ekseli ya gari kuukuu, na juu lilifunikwa turubai. Karani aliingia kwanza kwa kuruka, kama mwenye nyumba, Dachesi akamfuata bila hata kuvutwa. Hapo nikaona safari ni nyepesi. Kama mtu akiona safari ni nyepesi asimwambie mtu yeyote, wala asijiambie mwenyewe.

Tulikuwa tumeteremka bonde moja na kuanza kupanda, hata nusu ya njia ya mjini hatujafika, nikaona gurudumu linabingirika kando yetu, linatupita taratibu, linatangulia mbele barabarani. Kiplagat akalitazama.

"Hiyo gurudumu ni kama yetu," akasema.

Lilikuwa letu. Nyuma, trela lilikuwa limelala upande, Karani amepanda juu ya hori la nyasi anatafuna, na Dachesi ametoa macho meupe. Tukamtoa, nikampapasa miguu yote minne, nikamshukuru Mungu. Kisha tukatafuta nati za gurudumu kwenye majani kuanzia hapo mpaka jua likawa utosini. Zilikuwa nne. Tulipata tatu.

Tukaingia Eldoret, au Sisibo kama tunavyoita sisi, tukitembea kwa mwendo wa mazishi. Kalasinga mmoja fundi vyuma alitazama gurudumu, akasema, "Dakika kumi tu." Kisha akaenda kula. Baada ya kula akalala. Nami nikabaki nje ya karakana nimeshika kamba ya farasi kwa mkono mmoja na ya mbuzi kwa mkono wa pili, na mji mzima ukaja kutazama. Waliuliza kama farasi anauma. Waliuliza kama anakula nyama. Mzee mmoja aliuliza kama mbuzi ni wa kuuzwa, nikasema hapana, ni mwenzake wa farasi, akanitazama muda mrefu kwa huruma. Mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha akapiga makofi.

"Kumbe mbuzi ana dereva, na farasi ana saisi! Na mimi natembea kwa miguu kutoka mbali na mzigo kichwani!"

Watu wakacheka. Sikucheka. Lakini alinipa mahindi mawili, moja langu, moja la farasi, na nikiri alikuwa mtu mwema. La farasi lilinyakuliwa na Karani.

Fundi alimaliza jua likielekea kuzama. Hapa nieleze jambo ambalo Kiplagat hakulielewa kwa siku nne nzima. Kuna ugonjwa wa farasi ambao huja na vijidudu vya jioni na umande. Farasi aliyeachwa nje baada ya jua kutua anaweza kuwa mzima leo, na baada ya siku chache povu linamtoka puani na amekufa. Kwa hiyo saisi yeyote aliyefundishwa vizuri anamwingiza farasi ndani kabla jua halijazama, anawasha mavi makavu ya ng'ombe mlangoni yatoe moshi, na hamtoi mpaka umande ukauke. Kiplagat alitaka tuendelee na safari. Nikasema hatuendelei. Tukalala kwenye mabanda ya uwanja wa mbio za farasi. Siku ya kwanza ilikuwa imekwisha, na tulikuwa bado tunauona moshi wa Sisibo.

Matope ya Ainabkoi

Alhamisi umande ulikauka, tukatoka. Mvua nayo ikatoka.

Barabara ile mnaijua. Udongo wake mwekundu ukilowa ni kama ugali uliokosa unga. Tulikwama mara ya kwanza, tukakata matawi, tukatoka. Tukakwama mara ya pili, tukatoka. Mara ya tatu, karibu na Ainabkoi, magurudumu ya lori yalizama mpaka kwenye ekseli, trela likakaa nyuma kwa amani kama kuku anayeatamia. Kiplagat akashuka, akaweka mikono kiunoni.

"Burma tulikuwa na ndovu za kuvuta," akasema.

"Basi mwite mmoja," nikamwambia.

Ng'ambo ya ua kulikuwa na mtu analima kwa ng'ombe, jozi nane nzuri. Tukamwendea, tukamsalimu, tukamweleza shida yetu. Akasema hakuna shida. Ila atamaliza mfereji huo kwanza. Alipomaliza mfereji huo akasema ng'ombe wanywe maji. Walipokunywa maji akasema yeye mwenyewe hajanywa chai. Akanywa chai huku ametutazama kwa upendo, akatupa na sisi viazi vilivyochomwa kwenye jivu, na lazima niseme viazi vya Ainabkoi havina mfano. Nilikula vitano huku roho inaniuma kwa kila kimoja.

Mwishowe akaja na ng'ombe wake, akawafunga mnyororo. Hapo Dachesi akalia ndani ya trela. Ng'ombe wale hawakuwa wamewahi kusikia sanduku likilia. Waligeuka wote pamoja, na mnyororo wao, na mwenye nao, wakarudi shambani mbio. Tuliwafuata kwa muda ambao sitausahau. Safari ya pili ikabidi nimtoe Dachesi na Karani, niwapeleke mbali nyuma ya miti, ndipo lori likavutwa likatoka kwa mlio kama wa mtu mzima anayevua buti lililobana.

Nikatazama jua. Lilikuwa linakaribia kugusa vilele vya miti, na Burnt Forest haikufikika tena kabla ya giza.

"Usijali," Kiplagat akasema, naye sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya upole. "Hapa karibu kuna mzee namjua. Ana zizi ya paa. Ni mtu mzuri sana."

Nilipaswa kuuliza anamjuaje. Sikuuliza. Nilichosikia ni neno paa.

Kwa Mzee Arap Tuwei

Mzee huyo alikuwa na nyumba mbili na zizi lililoezekwa vizuri, kwenye ukingo wa shamba la mzungu ambaye mzee alimchungia ng'ombe. Tulifika jua likiwa limebaki kidole kimoja. Sikusalimia mtu, Mungu anisamehe. Nilimshusha Dachesi, nikamkabidhi Kiplagat kamba ya mbuzi nikamwambia, "Mfunge mahali pakavu, karibu, farasi asikie kengele," nikakimbilia zizini. Nikawasha moshi, nikamsugua Dachesi kwa nyasi, nikamchua miguu iliyosimama siku nzima. Kwato nzima, pua safi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nikavuta pumzi.

Ndipo nikasikia vigelegele.

Nilipotoka nikaona watu wa nyumba ile wamesimama mlangoni, Mzee Arap Tuwei ameshika kibuyu cha maziwa, na Karani amefungwa kwenye nguzo ya mlango wa mzee, kichwa chake kimepakwa siagi, anang'aa. Kiplagat alikuwa amesimama kando yake kama mtu aliyepigwa nyundo. Na nyuma ya mlango, msichana anachungulia.

Kumbe mzee mzuri sana alikuwa baba wa Jebet, na Jebet ndiye msichana ambaye Kiplagat alikuwa amemwacha na ahadi alipokwenda vitani. Tangu arudi hakuwahi kukanyaga kwao, eti anajipanga kwanza. Sasa kijana aliyeahidi kuoa ametokea jioni, na rafiki, na mbuzi, na mbuzi amemfunga kwa mkono wake mwenyewe mlangoni pa baba wa msichana. Katika boma lile hakuna maneno yaliyo wazi kuliko hayo. Kiplagat anaapa hadi leo kwamba alitafuta tu mahali pasipovuja. Mimi nasema mtu aliyezaliwa Mnandi, akakua Mnandi, halafu akafunga mbuzi mlangoni kwa mkwe bila kufikiri, basi Burma walimwondolea kitu kichwani.

Mzee akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na maji.

"Miaka nne," akaniambia. "Miaka nne huyu kijana amepotea kwa vita ya wazungu. Watu wananiambia, Mzee, huyo amekufa, peana msichana kwa mwingine. Nikasema, mimi nitangoja. Na leo ameleta mbuzi, na amekuja na shahidi."

"Shahidi ni nani, Mzee?"

"Si ni wewe."

Mngefanya nini? Kiplagat alinivuta kando ya lori.

"Barasa, ukisema hiyo mbuzi si yangu mbele ya mzee, mimi sina bibi tena. Mpaka nakufa."

"Na mimi sina farasi."

"Asubuhi nitaongea naye pole pole. Nitamwomba abadilishe, nitamletea mbuzi mbili badala ya hiyo. Wacha tu ipite hii jioni. Tafadhali, ndugu yangu."

Niliingia ndani, nikanywa mursik, maziwa yao ya mgando, nikaitikia kila walipoomba baraka, na nililala zizini karibu na Dachesi nikisikia kengele ya Karani ikilia kidogo kidogo mlangoni. Kwetu Bukusu tuna msemo wetu: mbuzi aliyeingia kwa mkwe hatoki kwa miguu yake. Nililijua hilo. Lakini nilijiambia hawa ni Wanandi, labda kwao ni tofauti.

Si tofauti. Niliamka Ijumaa kukipambazuka kwa sababu Dachesi alikuwa amesimama amenyoosha shingo, masikio mbele, anasikiliza kitu ambacho hakikuwepo. Nikatoka nje. Karani alikuwa ananing'inia kwenye mti, amekwisha kuchunwa.

Na mnajua kwa nini walichinja mapema hivyo? Kwa huruma. Jebet alikuwa amemwambia baba yake kwamba wageni wana haraka, wanaogopa kuchelewa Njoro, kwa hiyo mzee akaamka mwenyewe gizani ili tule nyama kabla ya kuondoka. Nimefikiri sana ni nani wa kukasirikia katika jambo hili na bado sijampata. Nilipewa mguu, heshima ya shahidi. Msiniulize tena kama nilikula. Nilikula. Kilikuwa chakula kigumu kumezwa kuliko chochote nilichowahi kupewa, na kilikuwa kitamu.

Umande ulipokauka nikamtoa Dachesi. Akatembea vizuri mpaka mlangoni mwa trela, akatazama ndani, akaona hakuna mtu. Akasimama. Nikavuta, akasimama. Wanaume sita wakaja, tukampitisha kamba nyuma ya mapaja tukavuta, akaturudisha wote nyuma mpaka kwenye bustani ya viazi. Tukamfunga macho kwa blanketi la mzee. Akaketi chini kama mbwa, kitu ambacho sijawahi kuona farasi akifanya. Kiplagat akasema anajua dawa, Burma walikuwa wanapakia nyumbu kwa kuwapiga, akakata fimbo. Nikamwambia akimgusa na fimbo hiyo, Jebet atakuwa mjane kabla ya harusi.

Nilimtembeza mbali, nikarudi naye. Nikamwimbia. Nikaingia mimi kwanza na ndoo ya pumba, nikitikisa kopo la kipande changu kama asubuhi zote za maisha yake. Alinitazama, akalia, hakuingia. Kipande humwambia chakula kinakuja. Hakimwambii kwamba hatakuwa peke yake. Jua lilikuwa linapanda. Nilisikia wazi kichwani mlio wa bunduki ile, na nikakaa kwenye ukingo wa trela nikalia mbele ya watu wote, mtu mzima na ndevu zangu.

Ni Jebet aliyetuokoa. Alikuwa ametoka nyumbani na kengele ya Karani, anaipeleka mtoni kuiosha damu ili ndama afungiwe. Ilipolia mkononi mwake, Dachesi akageuka ghafla.

"Mgeni," Jebet akaniita kwa aibu, "hiyo farasi haitafuti mbuzi. Inatafuta hii."

Aliiosha kwa majivu na maji, akanipa. Nilihitaji mikono yote miwili kushika kamba, kwa hiyo nikaivaa shingoni, juu ya kipande changu, nikaingia ndani ya trela nikitikisa kichwa. Dachesi akapandisha pua, akaweka mguu wa kwanza, akaweka wa pili, akaingia. Wakafunga mlango wa nyuma. Watu wa boma lile wakapiga vigelegele kuliko walivyopiga jana kwa ajili ya mkwe wao.

Timboroa, nikiwa mbuzi

Nilidhani nikishamwingiza nitashuka. Nilipotoka tu, alipiga teke ubao mmoja ukatoka. Nikarudi. Kwa hiyo kuanzia Ainabkoi, kupitia Burnt Forest, kupanda Timboroa ambako baridi inauma meno, mimi nilisafiri ndani ya trela, nimesimama mahali pa Karani, na kengele shingoni. Nikinyamaza kidogo, teke. Nikitikisa shingo, kimya. Kabla ya saa sita nilikuwa siwezi tena kugeuza kichwa upande wa kushoto, na mpaka sasa hamjaniona nikikigeuza.

Kwenye njia panda ya reli tulingoja gari moshi la mizigo. Wafanyakazi wa reli wakaja kuchungulia. Mmoja akasema, "Kuna farasi." Mwingine akasema, "Na kuna mtu. Amefungwa kengele." Walirudi nyuma hatua tatu.

Mau Summit tulisimama kutafuta chai na banda. Kulikuwa na mama mnene mwenye kitambaa cheupe cha wanawake wa kanisa, anauza uji na viazi vitamu. Nilimsikia akimuuliza Kiplagat kwa sauti ya chini.

"Na huyo maskini? Ameanza kuugua lini?"

Nikangoja Kiplagat aeleze. Mtu mwenye haya angeeleza.

"Alirudi hivyo kutoka Burma, Mama," akasema.

Yule mama akaja mwenyewe na bakuli la uji, akanipitishia juu ya mbao.

"Mama, mimi si mgonjwa," nikamwambia, nikitikisa kengele kwa sababu Dachesi alikuwa ameanza kuinua mguu.

"Ndiyo, baba. Wewe si mgonjwa."

"Ni farasi ndiye anayetaka kengele."

"Ndiyo, baba. Farasi anataka. Kunywa uji."

Aliniombea, macho amefumba, mkono wake juu ya kichwa changu, na kila alipotua kuvuta pumzi mimi nililazimika kutikisa kengele kama mbuzi wa kafara. Nikasema amina. Uji ulikuwa wa wimbi, moto, wenye ndimu, na sijui kama ni ugonjwa ule nisiokuwa nao au ni baridi, lakini machozi yalinitoka. Alitupa pia nafasi kwenye banda la mkokoteni wao kabla jua halijazama. Kiplagat sikumsemesha hadi asubuhi.

Njoro

Jumamosi tulishuka kupitia Molo bila kukwama hata mara moja, na hilo lilinitia hofu kuliko matope. Kwenye lango la memsahib mlinzi akasema amri yake ni lori la farasi liingie, lakini hakuambiwa habari za mtu mwenye kengele. Nikamwambia mambo ambayo sitayaandika kwa kalamu ya mwalimu. Ndani tukamkuta daktari amekwisha kuweka mkoba wake kwenye gari, mguu mmoja umeingia.

Memsahib alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya mwanamume. Aliona mlango wa trela ukifunguliwa, akaona natoka mimi kwanza, natikisa shingo, halafu Dachesi ananifuata taratibu, kichwa chake begani kwangu.

Daktari akamtazama meno, macho, kwato. Akataka nimtembeze mbio, tukakimbia, mimi na yeye, kengele ikilia, watu wa jikoni wametoka wote kutazama. Akaweka kile chombo chake cha kusikilizia kifuani pa Dachesi, akasema kwa hasira, "Hiyo kengele, nyamaza!" Nikanyamaza. Dachesi akaruka, chombo kikaanguka. Nikatikisa, akatulia. Hapo memsahib akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Lakini mimi nilikuwa namtazama daktari.

Daktari aliokota chombo chake. Alisikiliza tena, kengele ikilia, muda mrefu mno. Kisha akampiga Dachesi kofi dogo shingoni.

"Mzima," akasema. "Mzima kabisa."

Nikashika ukuta.

Mchana, baada ya kumpeleka Dachesi kwenye banda lake jipya, memsahib alikuja akanitazama nikimsugua. "Wewe nataka kukaa na yeye?" akaniuliza. "Mimi nataka saisi."

Sikuficha kitu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Akanyoosha mkono, nami nikajua anataka nini. Nikafungua kopo, nikampa kipande. Akasoma mbele, akasoma nyuma, akatafuta mahali ambapo Bwana Mapema ameandika kwamba nimetoka kwake. Palikuwa patupu. Bwana hataniandikia mpaka shamba limalize kuuzwa, na huyo mtu wa kondoo amekwisha kutuomba sisi wafanyakazi pamoja na ua na matangi ya maji. Mtu ambaye kipande chake hakijaandikwa hawezi kuajiriwa, na akikaa tu anakamatwa. Memsahib hakuwa mtu mbaya. Alikirudisha kwenye kopo mwenyewe, akalifunga vizuri.

"Pole," akasema.

Basi, mbuzi yuko wapi mmejua, na shingo imefanya nini mmejua. Harusi ya Kiplagat ni baada ya mavuno, nami nimealikwa kama shahidi. Sitakwenda na mbuzi.

Ile kengele niliivua nikamfungia Dachesi mwenyewe, jambo ambalo njia nzima halikunijia akilini, chini ya taya, ili kila akigeuza kichwa asikie kuna mtu. Alisimama akila, inalia, ametulia. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Kiplagat alikuwa ameshawasha lori. Nilipoanza kutembea kwenye changarawe, kopo la kipande likagonga kifungo cha koti langu, mara moja tu, na nyuma yangu nikamsikia Dachesi akilia ule mlio wake wa alfajiri. Nikalishika kwa ngumi lisigonge tena, na sikuliachia mpaka tulipopita lango.